Haragwe la Kumi

Darasa la Mwalimu Peris pale Kipsongo, mtaa wa Kitale, halikuwa na madawati ya kutosha, kwa hivyo watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, walijifunza hesabu wakiwa wameketi kwenye mkeka. Jambo hilo halikumsumbua. Tangu alipokuwa chuoni aliamini kwamba mtoto wa miaka minne huhesabu kwa vidole. Yule anayetamka moja mpaka ishirini bila kugusa kitu anaimba tu wimbo, na wimbo haumsaidii mtu kujua viatu vyake ni vingapi.

Vifaa alivitafuta mwenyewe. Trei za mayai aliziomba kwa wauza chipsi mjini Kitale. Kadi za namba alizikata kwenye maboksi ya sabuni. Mtoto aliyepewa kadi ya nne alibana vibanio vinne vya nguo pembeni mwake, na wengi walitoa ulimi kwa nguvu waliyotumia kufungua kibanio kimoja. Kulikuwa na kamba za viatu za kupitisha kwenye matundu. Kulikuwa na udongo wa kufinyanga, ambao Peris aliubeba kwa mfuko kila alipotoka kwao Kabuchai, kule Bungoma, na makondakta walimcheka.

Lakini watoto walipenda maharagwe kuliko vyote. Kila mmoja alipewa kumi kwenye kifuniko cha mkebe, na kipande cha trei chenye mashimo kumi. Kazi ilikuwa kuokota moja moja na kulitia shimoni.

"Vidole viwe nini?" Peris aliuliza.

"Mdomo wa kuku!"

"Kuku anadonoa na mkono mzima?"

"Hapana!"

Wakadonoa kwa vidole viwili, wakihesabu kwa sauti, na vidole vile ndivyo baadaye vilivyoshika penseli bila kutetemeka. Wazazi waliodhani watoto wao wanachezea chakula walinyamaza walipoona mwandiko.

Mwalimu mkuu, Bwana Waithaka, alikubali kazi hiyo kwa sharti moja. "Mtoto wa umri huu anaweka kila kitu kwa mdomo," alimwambia Peris. "Ukiwapa kumi, kumi zirudi. Andika kwa kitabu. Moja ikipotea, nataka kujua iko wapi kabla mtoto hajaenda nyumbani."

Lilikuwa sharti la busara. Peris alinunua kijitabu chenye jalada la kijani, na kila baada ya somo aliandika idadi iliyotoka na idadi iliyorudi. Aliwaita watoto wanane wanane mkekani, kwa hivyo idadi ilikuwa themanini, na themanini.

Miongoni mwa watoto hao alikuwemo Emmy, msichana wa miaka minne na nusu. Mama yake, Judy, alifanya kibarua cha kuchagua mahindi kwenye maghala ya Kitale, akitenga mabovu na mazuri kutwa nzima. Baba yake, Kizito, alikuwa fundi wa mawe aliyepata kazi Eldoret na kurudi mwisho wa mwezi. Emmy alikuwa ameketi miguuni pa mama yake ghalani tangu hajajua kutembea, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya darasa lote. Wenzake wakiwa kwenye shimo la tano, yeye alikuwa amemaliza. Akishamaliza hakujua la kufanya. Alipanga maharagwe katikati ya vidole vya miguu. Aliyaweka juu ya kope akafumba macho, na wenzake wakacheka mpaka Peris akapaza sauti.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, shule ilikuwa inatarajia wakaguzi. Bwana Waithaka alikuwa amepita darasani mara tatu tangu asubuhi, mara ya tatu akiagiza mkeka ufagiliwe. Peris alikusanya maharagwe kwa haraka, akahesabu, akapata sabini na tisa. Akahesabu tena. Akapitia vifuniko kimoja kimoja. Cha Emmy kilikuwa na tisa.

"Emmy, haragwe ya kumi iko wapi?"

Emmy alitazama chini. Mkono wake wa kulia ulipanda mpaka kwenye sikio, ukashuka. Peris aliuona. Alidhani mtoto anajikuna.

"Si nakuuliza wewe?"

Mtoto alifungua mdomo, akawatazama wenzake, akaufunga. Kisha akasema polepole, "Nimekula, Tichaa."

"Ati umekula?"

Darasa likaangua kicheko. Wiki iliyotangulia kijana mmoja alikuwa amemeza haragwe. Peris alimpa maji, akamweleza mama yake, aliyeleta lingine, na jambo likaisha kwa utani. Siku hii hakuwa na muda wa maji wala utani. Alisikia gari likisimama langoni.

"Sitaki mchezo leo. Kesho uniletee haragwe kutoka nyumbani, uweke mahali ya hiyo umekula. Usipoleta, hutacheza na wenzako."

Kwenye kijitabu aliacha nafasi wazi. Kesho yake asubuhi Emmy alimfuata mlangoni akiwa amekunja ngumi. Alipoikunjua, haragwe lilikuwa limelowa jasho. Lilikuwa la madoadoa, na ya shule yalikuwa mekundu. Peris alilitia mkebeni pamoja na mengine, akaijaza nafasi ile: themanini.

"Vizuri sana," alisema, akampapasa kichwa. "Sasa hesabu imetimia."

Hakumwambia Bwana Waithaka. Aliona haragwe moja tumboni si habari ya kupeleka ofisini.

Mwezi wa tatu ukafika, na Emmy akabadilika. Aliitwa asigeuke. Wenzake wakiambiwa wasimame, yeye alisimama wa mwisho, baada ya kuwatazama wote. Peris alimhamisha nyuma ili asiwacheleweshe wengine, na huko nyuma akazidi kuwa mgumu. Kwenye ripoti ya muhula Peris aliandika: *Anajua hesabu vizuri, lakini hasikii.*

Judy alipokuja kuchukua ripoti, aliisoma akitikisa kichwa. "Hata nyumbani ni hivyo, mwalimu. Namwita mara tatu ndio anageuka. Hasikii kabisa. Nimechapa mpaka nimechoka."

"Ataacha hiyo tabia, Mama Emmy. Ni umri."

Wakacheka kidogo, kama watu wazima wanavyocheka juu ya watoto, wakaagana.

Likizo ya Aprili ndipo sikio lilipoanza kutoa maji, kisha usaha. Jirani alimshauri Judy atie mafuta ya uvuguvugu, naye akatia. Siku ya nne mtoto aliamka na homa, shavu limevimba, na Judy akambeba mgongoni hadi hospitali. Daktari alimulika ndani, akaita mwenzake. Walichokitoa kilitoka vipande vipande: haragwe lililofura na kupasuka, lenye mzizi mweupe mfupi kama uzi. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimeoza na ugonjwa umeingia mpaka kwenye mfupa wa nyuma. Emmy alilazwa siku kumi na moja. Homa ilipoisha, walimpima, wakamwambia mama yake kwamba sikio la kulia halitasikia tena.

Shule zilipofunguliwa Judy alikwenda moja kwa moja ofisini. Hakwenda kwa ugomvi. Alitaka kujua tu. Bwana Waithaka alimpa kiti, akamwita Peris, na Peris akasimama karibu na mlango akisikiliza habari yote, kuanzia mafuta hadi ule mzizi mweupe. Aliukumbuka ule mkono uliopanda na kushuka.

"Lete kile kitabu," Bwana Waithaka alisema.

Alifungua kurasa za mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akipitisha kidole. Themanini, themanini, themanini. Akakigeuza kitabu ili Judy naye aone.

"Mama, kwa kitabu ya mwalimu, hakuna haragwe ya shule imepotea. Zote zilirudi."

Judy alitazama zile namba. Kisha alimtazama Peris. "Mwalimu, wewe ndio ulikuwa unakaa na yeye. Hakuna kitu unakumbuka?"

Ilikuwa nafasi yake. Baadaye Peris alijaribu kujieleza kwamba alishtuka, kwamba alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, kwamba mdogo wake Khaemba alikuwa kidato cha tatu na alimtegemea yeye kwa karo. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini pale mlangoni hakuwaza lolote kati ya hayo. Aliogopa tu, kama mtoto anavyoogopa.

"Hapana, Mama Emmy," alisema. "Zilirudi zote."

Judy aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi ni ya kwangu. Kuna siku asubuhi nilimpata amefungua mkebe, ameshika haragwe. Nilimchapa. Nilifikiria ni ulafi." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Lazima ni hiyo siku."

Peris aliijua siku hiyo. Aliujua hata ule mkono uliokunjwa ngumi. Alirudi darasani akafundisha rangi.

Habari ya haragwe la Judy ilifika Misikhu, kwao Kizito, kabla ya mwezi kuisha. Mama yake Kizito, mwanamke wa soko aliyelea watoto sita kwa kuuza nyanya na vitunguu, alipanda mpaka Kitale pamoja na mwanawe. Walizungumza na Judy mchana mzima. Mama gani anaacha mtoto na mikebe? Mama gani anaona mtoto haitiki miezi miwili, anachapa tu? Maswali hayo Judy alishajiuliza mwenyewe. Walipoondoka waliondoka na Emmy, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, ili akalelewe na nyanya yake.

Peris aliona pengo mkekani wiki mbili, akamwuliza jirani ya Judy, akaambiwa. Usiku alijiapiza kwamba kesho atasema. Kesho ilipofika aliona heri Ijumaa. Baadaye alikutana na Judy sokoni, akamwona amekonda, akamsalimu.

"Walisema sijui kulea," Judy alisema, kama mtu anayetaja bei ya kitu. "Na si uongo."

"Usiseme hivyo, Mama Emmy."

"Nisemeje sasa?"

Peris alishika njia na sukuma wiki zake mkononi.

Kilichomshinda kilikuja mwezi wa saba, siku ya kawaida, bila wakaguzi. Mtoto mmoja mpya, Mary Ann, aliangusha kifuniko, na maharagwe yakatawanyika mpaka chini ya kabati. Kabla Peris hajasema neno, mtoto alianza kulia kwa kwikwi.

"Nitaleta ya nyumbani, Tichaa! Nitaleta ya nyumbani!"

"Nani amekuambia ulete ya nyumbani?"

"Wote wanaleta. Wanaweka kwa mfuko, ikipotea wanatia hiyo," alisema kijana aliyeketi karibu naye, kana kwamba anaeleza mahali choo kilipo.

Watoto walipokwenda kucheza, Peris alimwaga mkebe wote juu ya meza. Alikuwa ameuhesabu karibu kila siku kwa miezi saba bila kuutazama. Kati ya yale mekundu kulikuwa na maharagwe meupe, ya njano, meusi, na ya madoadoa mengi. Alitenga yasiyo ya shule. Yalikuwa kumi na saba. Mara kumi na saba mtoto wa darasa lake alipoteza kitu asithubutu kumwambia, akaenda kuiba kwao, na yeye akaandika themanini.

Jioni hiyo hiyo alimngoja Judy kwenye lango la ghala. Wanawake walitoka wakiwa weupe kwa vumbi la mahindi, wakipangusana migongo. Peris alimvuta Judy kando, akamweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea: tisa kwenye kifuniko, mkono sikioni, haragwe la madoadoa, na ule uongo wa ofisini.

Judy alisikiliza mpaka mwisho. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikung'uta, akakifunga tena, na mikono yake ikakosea fundo mara mbili.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza nikiwa nimekuangalia kwa macho."

"Ndiyo."

"Nilimchapa asubuhi hiyo kwa sababu yako." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Mkono ni wangu. Lakini ungesema, Peris. Hata kama ungesema hiyo siku ya ofisi, mtoto angekuwa kwangu."

Judy hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Peris alisema pole, na neno lilitoka dogo sana.

"Pole utaibeba mpaka Misikhu," Judy alimjibu. "Jumamosi. Utasema mbele ya mama Kizito vile umesema hapa. Usipunguze."

Jumamosi walikwenda. Nyumba ya mama Kizito ilikuwa nyuma ya soko, na yeye mwenyewe alikuwa uani akipanga nyanya kwenye ndoo, kubwa juu, ndogo chini. Alimkaribisha mgeni kwa heshima yote. "Karibu, mwarimu, keti," akaleta chai. Judy hakupewa mkono. Aliketi kwenye ukingo wa baraza kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Peris alishuka kwenye kiti akapiga magoti, akasema. Alipofika kwenye kijitabu cha kijani, mama Kizito aliweka nyanya chini.

"Kwa hivyo haikuwa haragwe ya huyu."

"Haikuwa, kukhu," Peris alisema, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Lilikuwa la shule. Mimi ndiye nilimtuma alete la nyumbani."

"Mwarimu, wewe umesoma," mama mzee alisema. "Mimi nimemtaja huyu msichana kanisani. Nimesimama mbele ya wamama nikasema mke wa mwanangu ni mzembe. Sasa hiyo maneno nitairudisha na nini?" Hakumgeukia Judy. Alishindwa.

Emmy aliitwa. Alikuwa amerefuka. Alikuja mbio, kisha alipowaona akasimama, akazunguka na kuketi upande wa kulia wa nyanya yake, ili sikio zima lielekee watu. Hakuna aliyemwambia aketi hapo. Alikuwa amejifunza.

Peris alimsogelea. "Emmy, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile haragwe lilipotea, hukula. Ulijua liko wapi?"

Emmy alitazama miguu yake. "Iliingia nikiwa nacheza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia," mtoto alisema. "Ulikuwa unahesabu."

Mama Kizito alimshika mjukuu wake bega, akamwambia kwamba mama yake hakuwa na kosa, na kwamba kama anataka anaweza kurudi naye Kitale leo hii. Judy aliinuka pale barazani, amenyoosha mikono.

Emmy hakuinuka. Alimshika nyanya yake sketi. "Mama atanichapa?"

"Sitakuchapa," Judy alisema. "Sitakuchapa tena, mama."

Lakini mtoto alikuwa na shule mpya sasa, na mwana-mbuzi aliyempa jina, na kitanda alichokizoea. Akajificha uso. Judy alishusha mikono, akaenda nyuma ya nyumba, na walipomfuata walimkuta ameegemea ukuta.

Walirudi Kitale wawili.

Jumatatu Peris alimpelekea Bwana Waithaka kile kijitabu na yale maharagwe kumi na saba kwenye bahasha, akaeleza. Mwalimu mkuu alikaa akiyatazama. "Nami niliuliza kitabu," alisema. "Ningeuliza mtoto." Alimwandikia Peris barua ya onyo, na kamati ikaamua amalize mwaka lakini mkataba usirudiwe. Hakubisha.

Kizito aliposikia, alirudi kutoka Eldoret akamwomba mke wake msamaha, na wanaishi pamoja. Desemba Emmy alikuja Kipsongo. Wiki ya kwanza alicheza. Ya pili alilia kila jioni akimtaka kukhu, nyanya yake, mpaka baba yake akamrudisha. Sasa anasoma Misikhu. Kila Jumapili ya pili Judy huenda kumwona. Mtoto humpokea vizuri, humtolea kiti, kama anavyowapokea wageni wote.

Peris alipata nafasi kwenye darasa la chekechea kwao Kabuchai. Bado huwaketisha watoto mkekani, wakibana vibanio na kupitisha kamba matunduni. Kuhesabu, wanahesabu magunzi ya mahindi na vizibo vya soda, vitu visivyoingia sikioni. Kitu kikipotea, anapiga magoti na watoto wote wanakitafuta, na kisipoonekana anamwita mmoja mmoja kando, anamngoja aseme, hata kama kengele imelia. Wazazi wanamsifu kwa uvumilivu wake. Yeye huwaambia asante na kubadilisha mazungumzo.

Mwaka huu, siku ya soko, alimkuta Judy pale Misikhu amebeba ndoo ya nyanya ya mama mkwe wake. Walisimama hatua mbili mmoja mbele ya mwenzake.

"Habari ya kazi, mwalimu?" Judy aliuliza.

"Nzuri. Na Emmy?"

"Yuko," Judy alisema, akainua ndoo yake, akapita.